Kichwa inaungua, maji hakuna

Nywele yangu haina kabila moja. Kwa mama wako na nywele ya kulala, kwa papa iko ile inajifunga mpaka kitana inang'oka meno, mimi Mungu akachanganya bila kupima: juu ya masikio inafanya mawimbi, nyuma ya shingo inajikunja kama springi ya biki, na hapa mbele ya uso inafanya tu vile imeamkia. Jua ikiwaka tunaelewana. Lakini tunaishi Goma, na Goma kuanzia mwezi wa tisa mvua inaingia bila hodi, hewa yenyewe inakuwa nusu maji, na nywele ya kujikunja njo pombe yake hiyo, inakunywa unyevu inavimba. Unatoka nyumbani na kichwa ya mtu, unafika Birere na kichwa ya simba.

Bon, mi nilishajifunza kuishi nayo. Mwaka mzima nilikuwa na dini yangu: kuchana nywele kavu hapana, nachana tu ikiwa imelowa na kremu ya kulainisha, na vidole. Taulo hapana, inachokoza, nakausha na tishati. Usiku bone, ile kofia ya sateni. Na mafuta, juu mafuta ya ngozi ya kichwa haiwezi kushuka mpaka kwenye ncha, kona ni mingi, inachokea njiani kama gari ya Masisi wakati ya mvua. Tishati ilikuwa ya kaka yangu, aliitafuta miezi mitatu halafu akanyamaza. Mi nikawa mtu na mawimbi yake, watu wananisimamisha njiani kuuliza natumia nini, na mi najifanya kama hata sijui, "aah, ni vile tu imejiotea."

Halafu binti ya shangazi yangu akapata bwana.

Sina shida na bwana. Shida ni kwamba bibi arusi alitufungulia grupu ya WhatsApp, sisi wasindikizaji saba, ba dam donere, akatuma foto moja ya wadada wa wapi sijui, wote nywele imelala mpaka mabegani, inang'aa kama chuma ya motari mwenye ametoka kuosha pikipiki. Chini akaandika: "Wote sawa sawa." Mi nikaandika nitavaa peruke, nywele ya bandia. Akajibu: "Peruke hapana, ku foto inaonekana." Nikaandika basi nitaipiga pasi na seshwari, ile mashini ya kukausha nywele. Akajibu: "Na mvua?" Hapo alinikamata. Ukinyoosha nywele na moto, tone moja ya maji inatosha, inarudi kwao. Ya kudumu ni difriza peke yake, ile dawa ya kunyoosha nywele.

Njo vile ijumaa, siku moja mbele ya arusi, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimekaa kwenye salo moja ya mbao kule Katindo. Kwafeza, yule wa kutengeneza nywele, mama mmoja mpole sana, namwitaka Yaya, alivaa ga za mipira mikononi, akaniwekea vaselini kwenye masikio na pembeni ya uso, akaniuliza maswali mawili.

"Jana ulijikuna?"

"Hapana, Yaya."

"Ulisafisha kichwa?"

"Hapana kabisa."

Jana yake nilitoka kufumua misuko, nikajikuna kama mbuzi kwenye mti, halafu nikaosha kichwa na sabuni mara mbili ili Yaya asione uchafu. Aibu inaua watu. Ile swali haiulizwi kwa umbea. Difriza nyingi kazi yake inafanywa na soda kali, ndugu ya ile watu wanapikia sabuni na kuzibulia mabomba, nguvu yake inakaribia mwisho kabisa wa kipimo cha pH, upande wa magadi. Inaingia ndani ya unywele inavunja vifungo vyenye vinaushikilia katika ile kujikunja. Mafuta ya kichwa ikiwa iko, inakinga ngozi kidogo. Mi nilikuwa nimeitoa yote, na juu yake nimefungua milango kwa kucha.

Yaya akaanza na upande wa kushoto. Taratibu, mstari kwa mstari, na mgongo wa kitana. Akanihadithia mambo ya mkwe wake, hadithi ndefu sana, yule mkwe alikula mchango ya watu. Mi nacheka. Alipofika upande wa kulia kichwa ya kushoto ikaanza kunichoma choma kidogo, nikajikaza, wanawake wanasemaka ikichoma njo inafanya kazi. Dakika mbili tena, ile kuchoma ikapata miguu, ikaanza kutembea.

"Yaya, inaungua."

"Vumilia kidogo, upande huu haijakamata."

"Yaya, INAUNGUA."

Akaita yule msichana mwanafunzi wake alete maji. Msichana akaenda nyuma, tukasikia bido moja, ile mtungi ya plastiki ya kuchotea maji, po. Bido ya pili, po. Ya tatu, po. Ukiwa mtu wa Goma unajua ile sauti, bido ya njano ikiwa tupu inaongea kama ngoma ya kilio. Akarudi, macho chini. "Yaya, asubuhi nilifua mashuka."

Robine? Ile bomba ilikuwa imekauka tangu siku ya tatu. Tuko pembeni ya ziwa Kivu, ziwa yenyewe ina karibu mita 480 kwenda chini, ukisimama kwenye bati la ile salo unaiona inang'aa, halafu ku kichwa yangu hakuna hata kikombe. Walimwengu wanasikiaga Goma wanafikiria volkano. Waulize ba mama wa Goma, watakuambia maji.

Msichana akakimbia butiki ya jirani akarudi na maji ya sashe, sita, yote yalikuwa yamebaki. Yaya anang'ata kona na meno, anakamua, anang'ata, anakamua, kama mtu ananyonyesha mapacha. Na akakamulia wapi? Upande wa kulia! Ule difriza haikuwa hata imezoea! Juu njo ulikuwa karibu naye. Kushoto kwenye moto, nothingi, hata tone. Nikauliza kama hakuna maji ya chai, akasema iko termosi lakini ni ya moto. Nikafikiria. Naapa nilifikiria.

Hapo njo nikasikia njiani ile kilio ya magurudumu ya mbao. Chukudu!

Kama hujawahi kuona chukudu, ni baiskeli ya mbao bila pedali, kubwa kama kitanda, kijana anapiga goti moja juu yake anasukuma na mguu wa pili, inabeba makaa, viazi, saruji, kila kitu. Hii ilikuwa imebeba bido nane za maji, imejaa, imefungwa na kamba ya mpira. Nilitoka ile salo na kitambaa cha plastiki shingoni, kichwa nyeupe peee, sandali moja, nyingine sijui ilibakia wapi.

"Kaka! Kaka wa chukudu! Simama, niuzie maji!"

Kijana akageuka, akaniona, akasukuma zaidi.

Namwelewa. Mimi pia ningesukuma. Ile njia inateremka kidogo, na chukudu yenye mzigo ikiteremka haina breki ya maana, iko tu kipande cha mpira nyuma unakikanyaga na unaomba. Basi yeye anateremka, mi nafuata, chini ni yale mawe meusi ya volkano yenye kukata kama gilasi, mguu mmoja na sandali mguu mmoja bure, nakimbia kama kuku amekanyaga makaa. Nyuma yangu Yaya na ga zake, mkononi chupa ya shampo. Nyuma ya Yaya mwanafunzi na sandali yangu. Nyuma ya mwanafunzi watoto, juu Goma ukikimbia na watu wawili nyuma, watoto wanajiongeza wenyewe.

"Hii maji iko ya mtu!" kijana analia. "Nimeshalipwa, mama! Niache!"

"Kichwa inaungua!"

"Nani amekuchoma?"

"Mimi mwenyewe!"

Tukafika hivyo mpaka rompwe ya Chukudu, ile mzunguko ya magari, pale kwenye sanamu ya rangi ya zahabu. Magari yakasimama. Motari wakasimama. Basi moja ikasimama katikati kabisa, abiria wote upande mmoja wa dirisha, ikainama. Polisi wa barabara akanyanyua mkono, akaniangalia, akasahau kuushusha. Mama mmoja mwenye sambaza, samaki wadogo wa ziwa, kichwani akajifanyia alama ya msalaba.

(Baadaye nilisoma kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuuza kremu ya kunyoosha nywele alikuwa Mmarekani anaitwa Garrett Morgan, fundi wa cherehani. Wanasimulia alikuwa anatafuta dawa ya kuzuia sindano isichome kitambaa, akaona inanyoosha nyuzi, akaijaribu kwanza kwa imbwa ya jirani. Na huyo huyo mwaka 1923 akapewa hati ya uvumbuzi wa alama ya kuongozea magari barabarani. Kwa hiyo ile siku mi nilitumia kazi zake mbili kwa mara moja. Imbwa namhurumia mpaka leo.)

Chukudu haikuweza kupita kwenye ile kufungana kwa magari. Kijana akashuka. Nikapiga magoti pale kwenye lami, sio kwa adabu, miguu ilikuwa imekwisha. Akaona machozi, akaona sikio langu limekuwa nyekundu, na moyo wake ukarudi.

"Bido moja. Moja tu. Inama."

Lita 20 kwa mara moja. Sijui kama mnaelewa. Ile maji ilikuwa baridi ya asubuhi, imetoka ziwani, na ilipogusa ile kichwa nilitoa sauti sijawahi kuitoa hata kwa uchungu wa jino. Watu wakapiga makofi. Yaya akafika, anahema, akanipaka ile shampo ya kumaliza difriza. Ile shampo iko na akili: dawa ikiwa bado iko kwenye nywele, povu inageuka pinki. Povu ikatoka pinki. Pinki kama keki ya batizo.

"Bado iko," Yaya akasema. "Leta ingine."

"Ulisema moja!"

"Angalia rangi, kaka! Unaona rangi?"

Sasa ule umati wote ukajua kazi ya rangi. Bido ya pili, watu wanachungulia: "Ingali pinki!" Mpaka polisi, na mkono wake juu: "Kidogo pinki, huku nyuma ya sikio." Bido ya tatu, povu nyeupe, rompwe yote ikapiga kelele kama timu imefunga goli.

Kijana akanidai dola tano. Kwa bido tatu! Nikamwambia kaka, hii ni bei ya petroli. Akasema maji ni bei yake, dola zingine ni za kukimbizwa. Yaya akalipa, na hajawahi kunidai, juu anajua na mi najua mambo ya mashuka.

Tulirudi salo tukaangalia ndani ya kiyoo. Kushoto: imelala, nyembamba, imeshikana na fuvu kama barabara ya lami imetoka kupakwa jana. Kulia: mawimbi yangu yote, na kwa sababu maji ya Kivu nayo iko na pH ya juu, karibu 9, inafungua magamba ya unywele, yalikuwa yamevimba mara mbili. Upande moja lami ya mjini, upande wa pili barabara ya Ndosho. Yaya akauliza kwa sauti ndogo kama amalizie upande wa kulia. Kijiko cha kwanza kilikuwa hata hakijatoka ndani ya kopo, mi nilikuwa nimeshafika njiani.

Jioni tate yangu, nyanya, alinitazama muda mrefu. Akanizungusha. Akaangalia kushoto, akanizungusha tena, akaangalia kulia, akasema, "Mmoja wenu anisalimie." Halafu akaniwekea mafuta ya ngazi, yale ya mawese, kwenye vidonda, ananiimbia polepole, katikati ya wimbo anasimama anacheka, anaendelea.

Arusi nilienda na kitambala ya bazen nimefunga juu kama mnara. Bibi arusi aliniona akataka kulia, halafu mvua ikanyesha wakati wa foto, wale sita wengine, wanne walikuwa wamepiga pasi tu wakadanganya ni difriza, na dakika kumi baadaye tulikuwa na ba simba wanne kwenye ngazi za kanisa. Album nzima mwenye kichwa kizuri ni mimi na bwana arusi, na yeye ana upara.

Upande wa kushoto niliukata mwezi uliofuata, na wa kulia ili ufanane. Inaota sasa, imefika vidole vinne. Yule kijana wa chukudu anapitaka mbele ya kwetu karibu kila asubuhi. Akifika kwenye geti anapunguza mwendo, anapiga bido na ngumi, po po, anaita: "Dada! Leo haiungui?"