Klabu iliyonyang'anywa hata jina la mchezo wake

Jumapili moja nilikuwa nimejilaza kwenye kochi, simu mkononi, natazama mechi ya raga kutoka Villeneuve-sur-Lot, kusini magharibi mwa Ufaransa. Kamera ilikuwa moja tu, na aliyeishika nadhani alisimama juu ya kitu kisicho imara, maana kila mashabiki walipopiga kelele picha ilitikisika. Mpira ukapigwa ukavuka ua. Mechi ikasimama. Tukasubiri sote, wachezaji, refa na mimi huku Nakuru, mpaka mtoto wa miaka kama kumi akaja nao mbio, akaurusha uwanjani, akapigiwa makofi kuliko mchezaji yeyote siku ile. Mke wangu akapita nyuma ya kochi. "Baba Amani, hii nayo ni ligi ya wapi?" Nikamwambia hawa ndio mabingwa wa kwanza kabisa wa mchezo huu Ufaransa. Akacheka. Sikumlaumu.

Mchezo wenyewe si ule tuliouzoea. Sisi huku tunajua raga ya 15 na ile ya saba. Hii ni ya 13. Ukikabwa ukaanguka, unasimama, unausukuma mpira nyuma kwa unyayo, mwenzako anaudaka na shughuli inaendelea. Mkikabwa mara sita bila kufunga, mnawaachia wapinzani. Hakuna lile rundo la watu wanaogombania mpira chini huku mtazamaji hajui kinachoendelea. Ilizaliwa kaskazini mwa Uingereza mwaka 1895, vilabu vya miji ya viwanda na migodi vilipojitenga kwa sababu wakubwa wa raga walikataa mchezaji alipwe hata fidia ya mshahara anaokatwa akitoka kazini kwenda kucheza. Kwa tajiri, kucheza bure ni heshima. Kwa mchimba makaa, ni njaa.

Villeneuve ni mji mdogo wa watu elfu ishirini na kitu, kando ya mto Lot, wenye daraja la mawe la karne ya 13, katika nchi ya mashamba ya plamu, zile zinazokaushwa na kuuzwa kwa jina la Agen, mji jirani. Hutarajii mapinduzi yaanzie mahali kama hapo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1930 raga ya 15 ya Ufaransa ilikuwa imeoza. Kwa maneno, kila mtu alicheza bure. Kwa vitendo, fedha zilipita chini ya meza. Mfano maarufu ni Quillan, kamji ka watengeneza kofia, ambako mwenye kiwanda alikusanya wachezaji kutoka kwingine na kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 1929. Uwanjani nako watu waliumizana hadi kufa. Mwaka 1931 Waingereza na wenzao wakakata uhusiano, na Ufaransa ikatolewa kwenye mashindano ya Mataifa Matano.

Mmoja wa waliokuwa na Quillan ile ya ubingwa alikuwa Jean Galia, Mkatalani, mshambuliaji wa mbele mwenye mwili na akili. Baadaye alihamia Villeneuve. Mwaka 1933 shirikisho la raga ya 15 likamfungia, likidai alijaribu kuwavuta wachezaji wa klabu nyingine kwa fedha. Huenda ni kweli. Ninachojua ni kwamba kama kosa hilo lingeadhibiwa kwa haki, nusu ya vilabu vya kusini vingefungwa. Galia hakukaa kulalamika. Tarehe 31 Desemba 1933 Waingereza na Waaustralia walicheza mechi ya maonyesho ya raga ya 13 jijini Paris, na miezi michache baadaye, Machi 1934, Galia akavuka bahari na kikosi chake kwenda Uingereza kujifunza mchezo kwa kuucheza. Walicheza mechi sita, wakashinda moja, dhidi ya Hull. Miongoni mwa nyota wa kwanza wa mchezo huu Ufaransa alikuwa Max Rousié, kijana wa Marmande, ambaye jina lake liko hadi leo kwenye ngao ya ubingwa wa Ufaransa. Aprili mwaka huohuo ligi ikaundwa. Villeneuve ikawa klabu ya kwanza, na mwaka 1935 ikawa bingwa wa kwanza.

Mchezo ukashika kusini kama moto wa nyikani. Vilabu vya raga ya 15 vikahama, na mwaka 1939 timu ya taifa ya 13 ikazifunga England na Wales na kuwa bingwa wa Ulaya. Halafu vita.

Hapa ndipo damu yangu huchemka, na naomba nisibembeleze maneno. Baada ya Wajerumani kuingia, serikali ya Marshal Pétain pale Vichy, iliyoshirikiana nao, ikatangaza kusafisha michezo, iachane na kuwalipa wachezaji. Sawa. Lakini soka, ngumi na baiskeli vikapewa muda wa kujirekebisha. Raga ya 13 haikupewa. Kwa amri ya tarehe 19 Desemba 1941, ligi yake ikavunjwa na mali yake yote ikahamishiwa kwenye kamati ya taifa ya michezo. Amri yenyewe ni fupi. Unaimaliza kabla chai haijapoa. Na nani aliyekuwa akisimamia michezo? Jean Borotra, bingwa wa tenisi, na chini yake kanali Joseph Pascot, ambaye enzi zake aliichezea timu ya taifa ya raga ya 15. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Raga ya 15 iliyokuwa ikikimbiwa na vilabu ikarudishiwa wachezaji na viwanja bila kutoka jasho.

Wapo wanaosema yale yalikuwa ya vita, yaliisha na vita. Hayakuisha. Vita vilipokwisha, watu wa 13 waliruhusiwa kucheza tena, ila mali haikurudi, na juu yake wakakatazwa kujiita "rugby". Kwa miongo kadhaa shirikisho lao likalazimika kuitwa la "jeu à XIII", yaani mchezo wa 13. Mchezo wa 13 wa nini? Wa karata? Waliruhusiwa kutumia tena neno hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kuhangaika mahakamani. Mwaka 1995 raga ya 15 nayo ikakubali rasmi kuwalipa wachezaji. Kwa hiyo dhambi waliyonyongewa wenzao mwaka 1941 ikawa halali, na hakuna aliyerudi kuomba radhi na hundi mkononi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawa walinyongwa, haki wakanyimwa.

Na bado, angalia walichofanya wakiwa mikono mitupu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Paul Barrière, aliyekuwa katika harakati za siri dhidi ya Wajerumani, akaliongoza shirikisho. Mwaka 1951 timu ya Ufaransa ilikwenda Australia na kushinda mechi mbili kati ya tatu dhidi ya timu ya taifa ya huko, nyuma akiwa Puig-Aubert wa Carcassonne, mtu mfupi mwenye kitambi kidogo aliyevuta sigara kama bomba la moshi (wakamwita "Pipette") na kupiga mikwaju kama anayechuma embe. Mwaka 1954 Barrière akaandaa Kombe la Dunia la kwanza, timu nne, Ufaransa ikafungwa na Uingereza kwenye fainali 16 kwa 12. Raga ya 15 ilipata Kombe lake la Dunia miaka 33 baadaye. Huwa napenda kuwakumbusha rafiki zangu wa 15 jambo hilo, taratibu, baada ya bia ya pili.

Sitaki mfikiri Villeneuve ni malaika. Mwaka 1981 ilifika fainali ya ubingwa dhidi ya XIII Catalan ya Perpignan, mechi ikachezwa Toulouse, na baada ya dakika chache tu ngumi zikaanza kurushwa, watu wengi kwa wengi, hadi mechi ikavunjika. Ubingwa wa mwaka ule haukupewa mtu. Mchezo uliokuwa unaomba kuheshimiwa ukajipaka matope wenyewe. Hilo huwezi kumsingizia Pétain.

Klabu ikainuka tena. Ilikuwa bingwa 1996 na 1999, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 2001 hadi 2003. Tangu hapo upepo umegeuka. Mwaka 2006 Catalans Dragons ya Perpignan iliingia ligi kuu ya Waingereza, na mwaka 2018 ikabeba Kombe la Challenge, kombe kubwa la Waingereza la mchezo huu, pale Wembley. Ni habari njema kwa Ufaransa, sikatai. Ila kijana anayejua kukimbia na mpira sasa anajua pa kwenda, na si Villeneuve. Mji mdogo unalea, jiji linavuna. Sisi tunaotoka miji isiyo na uwanja wa ndege hadithi hiyo hatuhitaji kusimuliwa.

Ndiyo maana hukerwa nikisoma kwamba vilabu kama hivi "vimepitwa na wakati". Vimepitwa vipi, wakati vilipokonywa miguu kisha vikaambiwa vikimbie? Ningekuwa na sauti Paris, nisingeomba sanamu wala hotuba. Ningeomba hesabu: mali ile ya 1941 ilikuwa na thamani gani, na kwa nini isirudi kama ruzuku kwa shule za watoto za miji ileile, Villeneuve, Lézignan, Limoux, Saint-Gaudens.

Jina la "rugby" wamelipata, lakini mashabiki wao bado wanajiita kwa namba, *treizistes*, watu wa kumi na tatu. Nilimweleza mke wangu hayo yote jioni ile, nadhani kwa urefu kuliko alivyotaka. Jumapili iliyofuata, kama saa kumi na moja, akanikuta nahangaika na mtandao. Akaweka chai mezani, akakaa. "Wale wako wa kumi na tatu wanacheza leo?"