Sikula ndafu mzima

Klipu yangu na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, naona imeshafika hadi Mwanza, na mwenzangu mmoja wa kamati ameiandikia "Baba Mdogo amaliza ndafu." Uongo mtupu. Nilikula sikio na kipande cha paja. Kidogo.

Mnaonijua mnakijua na kitambi changu. Tatizo lilikuwa suti ya sare ya sendofu ya binti wa kaka yangu. Kifungo kiligoma, fundi akanitazama juu chini: "Mzee, kitambaa kimekwisha. Cha kupunguza umebaki wewe." Zimebaki siku nne. Nikaingia kwenye ule mlo wa kupunguza uzito, supu ya kabichi ya siku saba.

Siku ya kwanza ni supu na matunda, ila ndizi marufuku. Ya pili supu na mboga. Ya nne, ndizi ileile iliyokuwa haramu unaruhusiwa hata nane, na maziwa yasiyo na mafuta. Aliyetunga ratiba hii nadhani alikuwa analala peke yake. Wanaoijua kabichi wamenielewa. Mama watoto alihamia chumba cha watoto tangu siku ya pili.

Asubuhi ya siku ya nne, ndiyo ya sendofu, nikapanda mizani ya yule mzee wa barabarani Kariakoo: kilo 3 zimeondoka! Chenji nikamwachia. Dada yangu ni nesi, akaniambia hayo ni maji tu. Mwili ukiishiwa akiba ya wanga unaachia na maji yake, ila mafuta huondoka nusu kilo kwa wiki, kilo moja ukijitahidi. Nikasema moyoni, wivu huo.

Jioni kifungo kikafunga, mradi nisipumue sana. Na kwa kuwa niko kamati ya chakula, nikapewa kazi ya kumlinda ndafu kwenye chumba cha nyuma ya ukumbi mpaka MC aite. Mimi! Na fisi naye apewe bucha.

Jamani, mlishawahi kukaa peke yenu na ndafu? Amepiga magoti kwenye sinia, majani mdomoni, karoti kila upande zimechomekwa kwa vijiti vya meno. Mafuta yanashuka pajani taratibu, yanafika kwenye goti, yanasita, tone linadondoka. Jingine linafuata. Tangu asubuhi nina ndizi na maziwa tumboni. Kesho yake ratiba ingeniruhusu nyama ya ng'ombe. Kesho!

Nikasema niguse tu. Sikio likabaki mkononi, lenyewe, wallahi sikuvuta. Limekauka vizuri, linalia kama kaukau. Nikauma ncha. Halafu paja, ule upande wa ukutani usioonekana. Ndipo akili ikarudi: wakwe watamwona mbuzi wa sikio moja. Nikachomoa kijiti kwenye karoti, nikaanza kulirudishia sikio. Linalala. Nalisimamisha, linalala tena. Ulimi nje kama mtoto anayetunga uzi kwenye sindano, mafuta yamefika kwenye kiwiko cha suti.

Nikasikia ukumbi umenyamaza. Watu 300 kimya. Halafu mwanga ukanipiga usoni.

Mpiga video alikuwa ametangulizwa kuchukua picha za ndafu akijiandaa kuingia, moja kwa moja kwenye skrini kubwa. Sijui alikuwa pale tangu lini. Mwenzangu anasema tangu paja.

MC hakuchelewa: "Wageni waalikwa, kamati ya chakula inahakiki ubora!" Nikageuka kwa mshtuko, na kifungo kile, kifungo changu cha siku nne za kabichi, kikaruka. Kwenye klipu kinasikika kikigonga sinia.

Ndafu aliingia na jani la saladi mahali pa sikio. Kaka hasemi nami. Kilo zote zimerudi kufikia Jumanne, dada nesi kacheka mpaka kakaa chini. Harusi ni Jumamosi hii, upande wao. Mimi nimehamishiwa kamati ya usafiri, na jana mama mkwe wa binti kapiga simu kuuliza, kwa heshima zote, kama Baba Mdogo atakuja akiwa ameshakula.