Sio kila "kuliko" ni "than"

Kama kazi yako ni kusoma ripoti za Kiingereza tulizoandika wenyewe huku Bongo utakuwa unanielewa, unakutana na sentensi ya kulinganisha unairudia weee na bado hujui nani anashindanishwa na nani. Mi naona chanzo ni hii kuliko yetu, inabeba kila kitu, mrefu kuliko, napenda chai kuliko kahawa, na kivumishi wala hakibadiliki, sasa mtu akihamia Kiingereza anaipachika "than" popote, "he is tall than me", "I prefer tea than coffee". Prefer inataka "to". Senior, junior, superior nazo hivyo hivyo, zimetoka Kilatini na tabia zake, kariri tu tuendelee.

Ila hayo msomaji anaelewa ulichotaka kusema. Ndo maana wananichosha wale askari wa lugha wanaomrukia mtu eti kaandika "different than", wakati Wamarekani wanaandika hivyo kila siku na Waingereza kibao wanasema "different to", ukitaka amani weka "different from", inakubalika kote. Na ugomvi wa less na fewer ndo kabisa, ulianza na maoni ya mtu mmoja tu, Robert Baker, mwaka 1770, aliyeona fewer inapendeza zaidi kwa vitu vya kuhesabika, basi ikageuka sheria mpaka mwaka 2008 supamaketi za Tesco kule Uingereza zikaamua kuachana na mabango ya "10 items or less", ambayo kwa sheria hiyo yalitakiwa kuwa "fewer", ziweke "Up to 10 items", yaani wakwepe tu kelele.

Kinachoniudhi mimi ni sentensi isiyo na kosa la kumshtua mtu halafu inapotosha. "The price of maize in Songea is lower than Dar es Salaam", hapo umelinganisha bei na jiji zima! Weka "than in Dar es Salaam", kaneno kamoja tu. Au "Kilimanjaro is higher than any mountain in Africa", ukisahau "other" mlima wa mita 5,895 unakuwa umejizidi wenyewe maana nao uko Afrika. Na hii "Juma likes Asha more than Neema", je Neema naye anampenda Asha ila sio kama Juma, au Neema ndo anapendwa kidogo? Malizia "than Neema does" au "than he likes Neema", usimwachie msomaji akagombanishe watu.

Kwenye hela ndo balaa. Bei ya mfuko ilikuwa elfu 20 unaandika sasa ni "three times more", mmoja atasoma elfu 60, mwingine atajumlisha mara tatu juu ya ile ya mwanzo apate elfu 80, na wote wana hoja. Andika "three times as much" na bei yenyewe iwepo pembeni. Asilimia nazo, kitu kikitoka asilimia 10 kwenda 15 anayeomba fedha za mradi atasema kimepanda kwa asilimia 50, anayempinga atasema pointi 5 tu, na hakuna aliyedanganya hapo. Mi niandikieni "from 10% to 15%", kama ni kubwa au ndogo nitaona mwenyewe.