Je, bendera nzuri lazima mtoto aweze kuichora?

Wapenzi wa bendera wana kipimo chao: bendera nzuri ni ile ambayo mtoto anaweza kuichora bila kuitazama. Rangi ziwe mbili au tatu, maandishi yasiwemo kabisa.

Kwenye maandishi nawaunga mkono. Bendera ya Rwanda ya miaka ya 1960 ilikuwa na nyekundu, njano na kijani, zimesimama wima kama za Guinea. Ili zisichanganywe, ikatiwa herufi R katikati. Sasa itazame kwa nyuma: R imegeuka. Bendera ikifika mahali pa kuandikwa jina, rangi zake zimeshindwa kazi. Ya sasa, ya mwaka 2001, inatambulika mara moja, ingawa jua lake limekaa pembe ya juu iliyo mbali na mlingoti, na huko ndiko upepo unakoanza kuchana kitambaa.

Kwa Kenya kipimo hicho kinanishinda. Ngao ile na mikuki yake miwili si kazi ya mtoto, na hata fundi akifanya haraka ngao hutoka kama yai. Wanaotaka michoro michache wana hoja. Lakini iondoe ngao, utabaki na nyeusi, nyekundu na kijani kwa mpangilio uleule wa Malawi, na michirizi myeupe pekee haitamsaidia mtu aliye mbali. Ngao inastahili mahali pake.

Bendera ya Tanzania nayo ina rangi nne, moja zaidi ya kipimo. Mwaka 1964 zilikuwa zinaunganishwa nchi mbili: kijani, nyeusi na njano ya Tanganyika, pamoja na buluu ya Zanzibar. Zingelazwa kwa mistari, mmoja angekuwa juu na mwingine chini. Mshazari umeipa kijani pembetatu yake na buluu yake, sawa kwa sawa. Kwangu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika bendera hii.

Gharama yake ipo. Kitambaa kikikatwa mshazari huvutika, kwa hiyo bendera za bei rahisi huja na utepe mweusi uliopinda. Na watoto hukosea. Darasa la tatu niliweka rula kuanzia juu ya mlingoti nikateremka nayo, nikapaka rangi zote nne kwa uangalifu mkubwa. Mwalimu alifuta, akaweka kidole chini kushoto, akakipandisha taratibu hadi juu kulia.