Kilo za Katikati ya Mimba Mbili na Kujifungua kwa Upasuaji

Mama mwenye urefu wa sentimita 160, aliyeshika mimba ya kwanza akiwa na kilo 60 na ya pili akiwa na kilo 68, haitwi mnene kupita kiasi, na huenda majirani wakamsifu kwamba mtori wa arobaini umemkaa vyema. Hata hivyo, uwiano wa uzito na urefu wake, yaani BMI, umepanda kwa pointi tatu. Ongezeko la namna hiyo ndilo walilolichunguza watafiti Villamor na Cnattingius katika utafiti wa mwaka 2006, uliohusu wanawake 151,025 wa Sweden waliojifungua mara mbili kati ya 1992 na 2001. Wakilinganishwa na wale ambao uzito wao haukubadilika sana, waliopanda pointi tatu au zaidi walikuwa na uwezekano wa kupasuliwa uliozidi kwa asilimia 32 hivi.

Asilimia hiyo ikisomwa peke yake hutisha. Tukichukulia kwamba katika wanawake 100 wangepasuliwa 12, ongezeko hilo lingewafikisha 15 au 16 tu. Sababu zake zinaeleweka: kisukari cha mimba na shinikizo la damu huongezeka, mtoto huwa mkubwa, na uchungu huweza kwenda polepole.

Wenye shaka nao wana hoja. Kuonekana pamoja kwa kilo na upasuaji hakuthibitishi kwamba kimoja kimezaa kingine, kwa kuwa daktari mwenye hofu anaweza kuamua mapema kumpasua mama mnene, na kovu la uzazi uliotangulia huweza lenyewe kuelekeza uamuzi. Lililo zito zaidi kwangu ni kwamba ushauri wa kupungua haumfai kila mtu: mama mwembamba akizidi kukonda, mtoto naye huweza kuzaliwa mdogo.

Kwa hiyo sioni haki kumlaumu mzazi kwa kilo zake akiwa tayari leba, ingawa takwimu zenyewe sizipuuzi. Nafasi ya kuzifanyia kazi ipo kliniki ya watoto, ambako mama huja mara kwa mara, mtoto akavuliwa nguo, akaning'inizwa kwenye mizani na uzito ukaandikwa kadini. Aliyemleta mara nyingi hapimwi. Husubiri hadi mimba nyingine ifike mwezi wa nne au wa tano, na kilo zinazoandikwa siku hiyo zimeshachanganyika na za mimba yenyewe.