Pawasaplai ya kuanodaizi nyumbani: hesabu ampea kwanza

Mtu anayetaka kuanodaizi alumini nyumbani, yaani kuotesha juu yake tabaka gumu la oksidi, linaloweza kushika rangi, kwa kupitisha umeme ndani ya asidi, karibu kila mara huambiwa atafute chaja kuukuu ya betri ya gari. Nami niliambiwa hivyo, nikaitumia kwa miezi kadhaa, na leo naamini kwamba ushauri huo, ingawa hutolewa kwa nia njema, humpotezea anayeanza muda, asidi na vipande vyake.

Kasoro ya chaja si uhaba wa nguvu, bali ni kwamba haimwachii mtumiaji nafasi ya kuamua mkondo kiasi gani upite. Nilitumbukiza vipande viwili vya baiskeli vya umbo moja, kimoja baada ya kingine, kwa dakika zilezile na kwa rangi ileile. Cha kwanza kikatoka chekundu cha damu ya mzee, cha pili kikatoka waridi iliyopauka kama kanga iliyofuliwa miaka. Chaja ile haikuwa na mita, ila taa moja, na taa ilikuwa imewaka muda wote, mara zote mbili.

Unene wa tabaka, ambao ndio huamua rangi itashika kiasi gani, hufuata vitu viwili: muda, na ampea zinazopita katika kila desimeta ya mraba ya uso wa kipande. Katika asidi ya salfuriki ya asilimia 10 hadi 15, kwenye nyuzi joto 20 hivi, kipimo cha kawaida ni kama ampea 1.3 kwa desimeta ya mraba, na tabaka la mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimeta) hukamilika kwa dakika 24 hivi. Bamba la sentimeta 10 kwa 10, likihesabiwa pande zote mbili, lina desimeta 2 za mraba, hivyo linadai ampea 2.6. Kwa hesabu hiyo, pawasaplai ya mezani, yaani kifaa cha kutoa umeme, ya volti 30 na ampea 5, yenye kidhibiti cha volti na kidhibiti cha ampea, inamtosha fundi wa vitu vidogo, na sioni sababu ya kununua kubwa zaidi.

Pawasaplai ya kompyuta hukwama kwenye volti 12, ilhali tabaka likinenepa ukinzani huongezeka na mkondo hupungua. Pawasaplai inayoshikilia ampea hupandisha volti yenyewe hadi 15 au zaidi. Isitoshe, kwa sisi wa Dar es Salaam, ambako joto la mchana hufanya tabaka liwe laini na la ungaunga, napendekeza nusu ya mkondo ule kwa muda maradufu, chombo cha asidi kikiwa kimekaa ndani ya beseni la barafu. Kazi ifanyike uwanjani, kwa sababu haidrojeni hutoka muda wote, na pawasaplai ikae mbali na mvuke wa asidi.

Titani, metali nyingine inayoanodaiziwa, ni habari tofauti: rangi yake hufuata volti, na wengine huzifikisha karibu na 100. Kwa anayeanza, kuvuka volti 60 akiwa na mikono yenye maji ni hatari ambayo siwezi kuipendekeza.

Majuzi nilikuwa na bamba kama lile, nimeweka ampea 1.3, yaani nusu ya zile 2.6, na kikomo cha volti 18. Mnamo dakika ya nane volti zikaruka ghafla hadi 18 na ampea zikaanguka karibu na sifuri. Nilizima, nikalitoa bamba, nikakuta waya wa alumini umelegea na oksidi, ambayo haipitishi umeme, imejipenyeza kati yake na bamba. Nilipasugua msasa, nikafunga upya, nikamalizia dakika zilizobaki. Ndipo nilipoelewa kilichokipata kile kipande changu cha waridi.