VPN ni kazi ya ofisi, si ya mhasibu aliyeko nyumbani

Saa mbili usiku dada wa uhasibu alinipigia simu kutoka kwake Mbagala. Alikuwa anajaribu kuifikia seva, kompyuta kuu ya ofisi, kwa VPN, yaani njia ya siri ya intaneti inayounganisha laptopu ya nyumbani na mtandao wa ofisi. "Kaka, huku inaandika imeunganishwa, lakini seva haifunguki. Na mishahara ni kesho."

Nikamwomba anisomee anwani ya IP ya laptopu yake, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Akaisoma tarakimu moja moja: 192.168.1.14. Hapo hapo nikajua kosa ni letu. Ruta ya ofisini nayo ilikuwa inagawa anwani za 192.168.1, vilevile ilivyotoka dukani, na seva yetu ilikuwa 192.168.1.10. Laptopu ilipoitafuta seva, iliitafuta humo humo sebuleni kwake. Kwenye VPN haikupita kabisa. Nikamwambia azime Wi-Fi, atumie hotspoti ya simu, maana hiyo ilikuwa inagawa anwani za 192.168.43. Seva ikafunguka. Mishahara ya watu wote ikaandaliwa kwa bando lake mwenyewe, jambo ambalo mpaka leo naliona si haki.

Jumamosi tulihamisha ofisi nzima kwenda anwani za 10.47.20, ili zisigongane na za nyumbani kwa watu, printa moja baada ya nyingine. Ilituchukua kutwa, na ni kazi tuliyopaswa kuimaliza kabla ya kumkabidhi mtu VPN.

Ofisi nyingine hukwepa usumbufu huo kwa kufungua mlango wa 3389 kwenye ruta, ambao Windows huutumia kuendeshwa kutoka mbali, ili seva ifikiwe moja kwa moja kutoka popote. Nasi tuliwahi kufanya hivyo. Nilipofungua kumbukumbu za seva nilikuta watu wanajaribu kuingia kwa jina la "administrator", mara kwa mara, usiku kucha, kutoka nchi ambazo hatuna hata mteja. Tafadhali, kama ofisi yenu imeuacha mlango huo wazi, ufungeni leo.

Sisi tuliweka WireGuard, programu ya VPN. Mlango wake haumjibu asiye na ufunguo wa kidijitali, na kila mfanyakazi ana ufunguo wake. Kwenye mstari wa AllowedIPs, unaotaja anwani zipi zipitie VPN, tuliandika anwani za ofisi tu. Ukiandika 0.0.0.0/0, yaani anwani zote, hata katuni ambazo watoto wa mfanyakazi wanaziangalia kwenye laptopu hiyo zitazungukia ofisini kwanza, na intaneti ya ofisi italemewa.

Hata suala la sheria liwe la mwajiri. Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitangaza kwamba watu na kampuni zinazotumia VPN zitoe taarifa zao, pamoja na anwani ya IP, kufikia tarehe 30 mwezi huo. Mhasibu asiachiwe kuhangaika na hilo peke yake.

Ufunguo wa kila mtu una faida nyingine. Mwezi uliopita mwenzetu aliibiwa laptopu kwenye daladala. Akanipigia kwa simu ya kuazima, bado yuko kituoni. Nikafuta mistari mitatu kwenye seva, ufunguo wake ukafa, na wengine wakaendelea na kazi bila kujua kilichotokea.